Kitanda hakuna, lakini matibabu yaanze
Huko Marekani, vijana wenye matatizo ya akili hulala siku kadhaa idara ya dharura wakingoja kitanda cha wodi ya akili, na wengi wanaangaliwa tu. Nyaya na mikanda imeondolewa wasijidhuru, mlinzi yuko mlangoni, taa zinawaka usiku kucha. Kinachosahaulika ni dawa zao za kila siku: daktari wa dharura asipoziandika upya, nesi hawezi kuzitoa, na dawa ya sonona ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu na hasira. Mzazi, nenda na orodha ya dawa, dozi na saa ambayo mtoto alizimeza mara ya mwisho. Omba apimwe upya kila siku. Wengine hutulia wakaendelea na kliniki. Kabla hajarudi nyumbani, fungia dawa na bunduki.