Si muziki wa hotelini tu
Ndugu mwandishi, hapo uliposema jazi ya piano ni muziki wa kulia chakula hotelini, sikubaliani nawe. Tafuta albamu ya mpiga piano Thelonious Monk na wenzake watatu, John Coltrane akiwa kwenye saksafoni, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, Novemba 29, 1957. Redio ya Sauti ya Amerika ndiyo iliyorekodi, kisha kanda zikalala maktabani mpaka 2005! Mimi huipiga alfajiri hapa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, tukisubiri mitumbwi ya dagaa. Monk anagonga noti mbili, ananyamaza, halafu Coltrane anamwaga zake kama dagaa kutoka kwenye ndoo. Juzi mama muuza chai alisimama na birika mkononi: "Baba, huyo wa kinanda nani?" Nikamrudishia mwanzo.