Upau wa wastani: unachoonyesha na unachomeza

Chukua jaribio la kawaida la darasani: vikombe viwili vya maji ya moto, kimoja kimezungushiwa pamba, kingine gazeti. Mwanafunzi anapima joto limeshuka nyuzi ngapi baada ya dakika 15, na anarudia jaribio mara tatu. Tuseme pamba imetoa 7, 7 na 7, gazeti 4, 5 na 12. Wastani wa kila kikombe ni 7. Kwenye grafu ya mihimili zitasimama pau mbili zenye urefu sawasawa, na hitimisho litakuwa kwamba pamba na gazeti havina tofauti. (Neno mhimili hutumika pia kwa mstari wa x na wa y, kwa hiyo hapa kile kisanduku kirefu tukiite upau.)

Hiyo 12 ndiyo yenye habari. Huenda kifuniko kilikaa vibaya, au maji ya mara ile yalianza yakiwa ya moto zaidi. Upau umeimeza. Ndiyo maana wapo wanaotaka pau za wastani ziachwe, kila kipimo kichorwe kama nukta. Mwaka 2015 mtafiti Tracey Weissgerber na wenzake walieleza katika jarida la PLOS Biology kwamba seti za takwimu zisizofanana hata kidogo zinaweza kutoa grafu ya pau ileile, wakawahimiza watafiti waonyeshe vipimo vyenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 2012, wanasaikolojia George Newman na Brian Scholl walionyesha kasoro nyingine: watu huona thamani iliyo ndani ya upau kuwa na uwezekano mkubwa kuliko iliyo juu ya kilele kwa umbali uleule. Kana kwamba upau ni debe na vipimo vyote vimejazwa humo.

Wanaoutetea upau nao wana hoja nzito. Mtoto wa miaka kumi anaona mara moja kipi kimezidi kipi, hata akiwa amekaa nyuma ya darasa. Tena pale mnapohesabu vitu, kwa mfano wadudu wangapi wamepatikana chini ya jiwe, chini ya majani makavu na kwenye mchanga, hakuna wastani wa kuficha chochote. Idadi yenyewe ndiyo urefu.

Pande zote mbili, nionavyo, zinazungumzia pau kana kwamba zote ni za aina moja. Swali la kwanza lingekuwa hili: sifuri ya mhimili wima ina maana gani? Upau husomwa kwa urefu kuanzia chini, kwa hiyo chini lazima pawe na maana ya "hakuna kitu". Wadudu 0 ni hakuna wadudu. Joto kushuka nyuzi 0 ni kutoshuka. Lakini nyuzi 0 za Selsiasi si kukosekana kwa joto, na maji ya nyuzi 40 hayana joto mara mbili ya maji ya nyuzi 20, hata kama upau wake ni mrefu mara mbili.

pH, kipimo cha asidi ambacho namba ndogo ndiyo asidi kali, ni mbaya zaidi. Mwanafunzi akichora pau za siki, maji safi na sabuni, siki, iliyo asidi kuliko vyote, inapata upau mfupi kuliko yote. Tena kila hatua moja ya pH ni badiliko la mara kumi la ioni za hidrojeni, hivyo pH 3 na pH 6 zinapishana mara 1000 wakati pau zinasema mara mbili. Hapo tumia nukta kwenye mstari wa 0 hadi 14, upau uache.

Kukata mhimili ni kosa la jamaa hiyohiyo. Sekunde 62 na 66 zikichorwa kuanzia 60, upau mmoja unakuwa mara tatu ya mwingine, ilhali tofauti halisi haifiki asilimia 7. Wapo wanaosema kuanzia sifuri kunafanya tofauti isionekane. Ni kweli, na dawa yake ni nukta tena, maana nukta husomwa kwa mahali ilipo, hivyo mhimili wake unaweza kuanzia 60 bila kudanganya.

Halafu kuna grafu ambazo hazikupaswa kuwa za pau tangu mwanzo. Mskoti William Playfair, mwanzilishi wa grafu hizi, alipochapisha grafu ya pau mwaka 1786, kuhusu biashara ya Uskoti na nchi nyingine, alifanya hivyo kwa kuwa alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Za miaka mingi alizichora kwa mistari. Taa ikiwekwa sm 10, 20, 40 na 80 kutoka kwenye mmea wa majini ili kuhesabu mapovu unayotoa, pau nne zenye nafasi sawa zinafanya 40 na 80 zionekane jirani kama 10 na 20. Umbali ni kipimo endelevu, yaani kinaweza kuwa namba yoyote katikati, kichoree mstari.

Kwa mkono, kazi si ndefu. Skeli iwe 1, 2, 5 au 10 kwa kila sentimita; ukichagua 3, kila milimita inakuwa 0.3 na kusoma kunakuwa mateso. Pau ziwe na upana mmoja, tuseme sm 1.5, na zisigusane, kwani zinazogusana ni za histogramu, grafu ya vipimo endelevu vilivyogawanywa katika mafungu. Kila mhimili uwe na jina, na wenye vipimo uwe na kizio chake. Kama makundi hayana mpangilio wake, anza na refu kwenda fupi.

Sasa rudi kwenye vikombe. Chora pau mbili za 7 kwa penseli nyepesi, kisha weka nukta za vipimo. Za pamba zote ziko 7, zipange bega kwa bega zisifunikane. Za gazeti ziko 4, 5 na, juu kabisa peke yake, 12. Mwanafunzi atatamani kuifuta, maana bila hiyo wastani wa gazeti ni 4.5 na gazeti linaipiku pamba kwa kuhifadhi joto. Kama daftari halina maelezo ya kilichoharibika, nukta inabaki, na kikombe cha gazeti kinapimwa mara ya nne.