Fundi wa Mafinga apate wa kuketi naye kwenye hesabu ya kitanda chake

Kila nikipiga simu nyumbani Mafinga, Tanzania, nasikia kuna semina nyingine ya ujasiriamali. Siku tatu za sabuni ya maji na batiki, picha ya pamoja, cheti, kwaheri. Wanaozileta wana nia njema, sibishi. Ila mimi ni seremala, ufundi nimejifunzia huku Ujerumani, na inaniuma kuona nyumbani tumemkatia kijana mambo vipande vipande: ufundi chuo cha VETA, biashara semina, mtaji halmashauri, na vipande hivyo havikutani.

Huku anayetaka kufungua karakana yake ya useremala kwa kawaida lazima awe Meister, yaani fundi mkuu mwenye cheti. Mtihani wake una sehemu nne: kazi ya mikono, nadharia ya fani, hesabu na sheria za biashara, na namna ya kumfundisha mwanagenzi. Kabati lako liwe zuri vipi, ukianguka kwenye hesabu hupiti. Hapa kazini, kazi ikiisha tunakaa na karatasi: tulikadiria saa ngapi, zimekwenda ngapi, gundi kiasi gani, kunoa misumeno kiasi gani. Bei ya saa moja ya fundi imebeba likizo yake, pango, umeme, na mashine inayochakaa.

Sasa njoo Mafinga, jirani kabisa na msitu wa Sao Hill, mbao za paini zimejaa. Mteja anataka kitanda cha tano kwa sita. Kijana anajumlisha mbao, misumari, gundi, vanishi, halafu wanapatana hela ya ufundi. Umeme wa LUKU haumo. Kodi ya kibanda haimo. Siku alizokaa bila mteja hazimo. Kitanda kinauzwa, na mwisho wa mwezi anakopa nauli! Kijana huyu anajituma kuliko wengi ninaofanya nao kazi huku. Amekosa tu mtu wa kuketi naye.

Kwenye mtaji tuna jambo la kujivunia: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Lakini vijana wengi hukutanishwa na fomu ya kikundi tu, pesa ikitoka kila mmoja anashika njia yake. Huku aliyepoteza kazi akitaka kujiajiri anaweza kuendelea kupata posho yake ya kukosa kazi miezi 6, na euro 300 juu kila mwezi. Kabla ya hapo mjuzi wa mambo hayo lazima apitie mpango wake na kuthibitisha kuwa unatekelezeka. Ofisi inaweza kumnyima pia, na makaratasi yanachosha. Sharti la cheti cha Meister nisingelitaka kwetu wilayani Mufindi. Lingefunga vibanda vingi mno.

Ninachotaka ni hiki: hela ya ukumbi, chai na posho za semina walipwe mafundi wakongwe wa Mafinga na Makambako ambao karakana zao zimedumu. Kila aliyepata mkopo atembelewe na mmoja wao kila baada ya wiki mbili, mwaka mzima, daftari mezani. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, inaweza kuwaratibu pamoja na maafisa maendeleo ya jamii. Mimi najitolea kuandaa fomu ya makadirio kwa Kiswahili. Wenye karakana huko, niambieni gharama gani huwa mnazisahau, niziweke.