Jiwe la mwaka 31 na jina lisilokuwamo

Katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu mjini Cairo limo jiwe la kaburi la Abdurrahman bin Khayr Al-Hajri, la mwezi wa Jumadal Akhira, mwaka 31. (Wengine husoma "bin Jabr": herufi hazina nukta, na majina hayo mawili yakivuliwa nukta ni mamoja.) Linaanza kwa Bismillahi, linamtakia marehemu maghufira, kisha linamgeukia mpita njia: ukisoma maandishi haya mwombee msamaha, useme amina.

Jina la Mtume halimo, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Wapo wanahistoria wanaosema Uislamu wenye shahada kamili ulikamilika baadaye, zama za Khalifa Abdulmalik wa Bani Umayya (mwaka 65 hadi 86 wa Hijria). Si hoja ya kupuuza. Sarafu na hati za miongo ile nazo zinamtaja Mungu na kumnyamazia Mtume, hadi miaka ya 60 na 70 ya Hijria.

Lakini naona jiwe linaulizwa lisichoandikiwa. Aliyelichonga alitaka dua ya wapita njia, akaiomba, akanyamaza.

Kisha tazama ile tarehe. Mwaka wa 31 tangu nini? Halisemi. Hesabu hiyo, kwa mapokeo, ilipangwa na Khalifa Umar mnamo mwaka wa 16 au 17, na Misri ilikuwa na miaka kumi na kitu tu chini ya Waislamu. Hata hivyo mchongaji hakuona haja ya kufafanua; atakayepita atajua. Ikiwa watu walikwisha kuzoea kuhesabu siku zao kwa kuhama kwa Mtume, basi Mtume yumo jiweni, ameingilia mlango wa nyuma.

Mwenye shaka atanijibu kwamba hiyo ni hesabu ya dola tu: ipo hati ya mafunjo ya mwaka 22, nayo ya Misri, yenye tarehe ya namna hiyohiyo, na ni stakabadhi ya kondoo! Sawa. Ila stakabadhi ile ni ya jeshi na makarani wake, na kaburi ni la jamaa za marehemu. Hesabu ya makarani ilifikaje makaburini upesi hivyo, kama haikuwa na maana kwa wafiwa?

Miaka arobaini baadaye, Aswan, jiwe la Abbasa binti Jurayj la mwaka 71 linafungua kwa kusema kwamba msiba mkubwa kuliko yote kwa watu wa Uislamu ni kumkosa Mtume Muhammad. Shahada nayo imo. Wenye shaka huona hapo mkono wa Abdulmalik, na kweli miaka inalingana. Mimi naona wafiwa walio mbali kusini mwa Misri, wanamzika mwanamke wao, na tanzia yake wanaianza kwa kifo kilichotokea miaka sitini nyuma.