Mazabodi ya mtumba ya AM4 inabeba lawama za Intel

Mtu akiuliza kama anunue mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya mtumba ili apandishe prosesa kwa hela ndogo, anajibiwa haraka: achana na bodi za zamani, utapoteza hela mara mbili. Wanaosema hivyo wengi wao waliungua kweli, na mi siwabishii, ila nataka tuangalie waliungulia wapi, maana bodi za AM4, yaani za prosesa za AMD, zinabebeshwa lawama si zake.

Waliungulia Intel. Bodi za Z270 zimetoka Januari 2017, soketi (tundu la kuchomeka prosesa) LGA1151, Oktoba mwaka huohuo zikaja prosesa za kizazi cha nane, soketi LGA1151 tena, pini idadi ileile, chipu inakaa vizuri kabisa alafu mashine haiwaki, manake zinataka bodi za Z370 kwenda mbele. Miezi tisa tu! Mtu kajichanga kapata i5-8400 ya mtumba, anaichomeka kwenye bodi yake ya zamani ya H110, kimya. Huyo akikuonya msikilize.

Ila AM4 haikwenda hivyo kabisa. Ryzen za kwanza, prosesa za AMD, ziliingia Machi 2017 na bodi za A320, B350 na X370, na mwaka 2022 AMD wakaruhusu bodi hizohizo zipokee Ryzen 5000 kwa kubadilisha BIOS tu, ile programu ndogo ya bodi inayowasha mashine. Chukua mtu mwenye Ryzen 3 1200 ambayo haimo hata kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 sapoti yake iliisha Oktoba 14, 2025. Bodi yake ikifa, akipata B350 ya mtumba anaweka Ryzen 5 5600, koa 6 thredi 12, wati 65, na RAM yake ya DDR4, pawa saplai yake, keshi yake, vyote vinabaki vilevile. Akienda AM5, soketi ya AMD iliyofuata, ananunua bodi, prosesa na RAM kwa mpigo, sababu AM5 haipokei DDR4. Watu wanalinganisha bei ya bodi kwa bodi wakati kinachokula hela ni hivyo vinavyofuatana nayo.

Sasa kwenye BIOS ndo penye shida yenyewe. Mi nilinunua B350 dukani nikaambiwa imetestiwa, nikaweka 5600, feni zinazunguka, taa ya bodi inawaka, skrini nyeusi. Nikatoa RAM moja, nikabadilisha kebo, nikatoa betri ya CMOS nikairudisha, wapi. Nilikuwa nishaanza kuirudisha kwenye boksi ndo fundi mmoja akachomeka Ryzen 5 1600 ya kwake, ikawaka hapohapo, BIOS inasomeka ya 2018, haiijui 5600. Tukaweka faili kwenye flashi, tukasubiri umeme usikatike, ikamaliza, 5600 ikarudi na picha ikaja. Bodi ilikuwa nzima muda wote! Najiuliza ni bodi ngapi zimeitwa mbovu hivyo. Na ukishafleshi (kuweka BIOS mpya) usitegemee kurudi nyuma, kuna bodi chipu yake ya BIOS ni ya MB 16 tu, kwahiyo matoleo mapya ya baadhi yake yameacha prosesa za zamani ili mpya zienee.

Upande wa pili una haki yake. Waranti hakuna, kapasita zina miaka, na A320 nyingi hazina hitisinki kwenye VRM, sehemu ya bodi inayolisha prosesa umeme, ukiiwekea 5800X ya wati 105 ukarenda video usiku kucha unaitesa. PCIe, njia ya bodi ya kuunganisha kadi ya grafiki, ni 3.0, ya zamani. Na 5600 isiyo na G haina grafiki yake, kama huna kadi ya grafiki huoni kitu.

Ila pini za AM4 ziko kwenye prosesa, kwahiyo soketi ya bodi ya mtumba ni ngumu kuharibika, wakati LGA, kama za Intel zenye pini kwenye bodi, lazima umulike soketi kwa tochi ya simu utafute pini iliyolala. Ukienda dukani mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na prosesa yoyote aliyonayo, soma toleo la BIOS, kama ni la zamani afleshi hapohapo kabla hujatoa hela.