Kinga gani hiyo ya ubunge?

Kuna aliyeandika eti Çetin Altan, mwanasafu wa magazeti na mbunge wa Uturuki, alikuwa na mdomo mkali kwa sababu ubunge ulimkinga asishtakiwe. Hapo mwandishi huyo kateleza. Altan aliingia bungeni Ankara mwaka 1965 kwa tiketi ya Chama cha Wafanyakazi, na hata miaka miwili haijaisha wenzake wakapiga kura kumvua kinga hiyohiyo. Mahakama ya Katiba ndiyo iliyomrudishia. Februari 1968 ikawa mbaya zaidi: wabunge wa chama tawala, watu wazima na tai zao shingoni, walimvamia ndani ya ukumbi wa bunge wakamshushia kipigo. Kilichomponza ni kalamu. Safu zake magazetini zilimletea kesi zinazokadiriwa kufika 300, na jela aliijua. Alifariki Oktoba 2015. Mwaka uliofuata wanawe wawili, Ahmet na Mehmet, nao waandishi, wakatiwa ndani, kana kwamba dola inaamini mtoto wa nyoka ni nyoka. Ahmet alitoka kabisa Aprili 2021. Sasa nyie mnaofuatilia siasa za Uturuki, kuna mbunge mwingine aliyepigwa na wenzake namna ile kwa sababu ya maneno tu?