Bwana null, Mwazimaji wa Vitabu 340

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Faili moja, vitabu.xml, ndani yake elementi 340 za <kitabu>. Kila elementi, yaani fungu la kitabu kimoja, ilitakiwa kuwa na atributi (sifa yenye thamani yake) ya nakala, na vile vilivyoazimwa vina mbili zaidi: kimeazimwa="true" na mwazimaji. Maktaba ilikuwa imepokea nakala moja ya ziada ya kila kitabu, na vyote vilivyokuwa nje vimerudi. Basi nakala iongezwe moja, kimeazimwa kizimwe, mwazimaji afutwe.

Kwa lugha ya JavaScript, nikaifungua kwa DOMParser, kisomaji cha XML, nikavikusanya vitabu kwa querySelectorAll, nikaandika mistari mitatu. XMLSerializer ikayarudisha yote kuwa maandishi, nami nikahifadhi juu ya faili ileile. Ndiyo, faili ya kuhesabu nakala haikuwa na nakala.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mkutubi mkuu. "Kijana, kitabu hiki kilikuwa na nakala 12. Leo naambiwa 121. Rafu nitazitoa wapi?"

Mstari wenye hatia ni huu:

k.setAttribute("nakala", k.getAttribute("nakala") + 1);

getAttribute hukupa maandishi, hata kama ndani ya atributi hamna kitu ila tarakimu. Na alama ya + katika JavaScript ikikuta maandishi upande mmoja, haijumlishi, inagandisha. "12" ikabandikwa 1, ikawa "121". Kilikuwepo kitabu kimoja kisicho na atributi ya nakala kabisa. Hapo getAttribute hurudisha null, yaani "hakuna kitu", na null + 1, kwa sababu anazozijua JavaScript mwenyewe, ni 1. Katika vitabu 340, kilichojumlishwa sawasawa ni kile ambacho maktaba haikuwa nacho.

Kwa haraka ya mtu aliyeaibika nikabadilisha + kuwa - nikairusha tena. Alama ya kutoa haina cha kugandisha. Yenyewe hugeuza maandishi kuwa namba kwanza. "121" ikawa 120. Sasa nilikuwa na makosa mawili, la pili likiwa na hesabu sahihi.

Simu ya pili: vitabu vyote vimeazimwa. Nilikuwa nimeandika setAttribute("kimeazimwa", false). Lakini setAttribute hugeuza kila inachopewa kuwa maandishi, kwa hiyo kilichoingia ni "false", neno la herufi tano. Ukurasa wa maktaba unaoonyesha vitabu nao uliuliza tu if (k.getAttribute("kimeazimwa")), na maandishi yoyote yasiyo matupu, kwa JavaScript, ni kweli. Zamani uliuliza vivyo hivyo bila matatizo kwa kuwa kitabu kilichopo rafuni hakikuwa na atributi hiyo kabisa.

Simu ya tatu ndiyo iliyonimaliza. "Huyu Bwana null ni nani? Mfumo umemwandikia barua ya ukumbusho, ana vitabu vyetu 340." Nilidhani setAttribute("mwazimaji", null) ingemfuta mtu. Badala yake ilimsajili mpya. Sijapata kuona msomaji hodari kama yule.

Dawa ya hayo mawili ni moja, removeAttribute. Huondoa atributi nzima, na isipokuwepo haipigi kelele. Anayetaka kubaki na "false" faili mwake aulize === "true", na anayetaka kujua tu kama atributi ipo atumie hasAttribute.

Nakala je? Hapo haraka yangu ikanifaa bila kustahili. Kila hesabu ilikuwa imegandishwa 1 mwishoni, kisha ikapunguzwa 1, kwa hiyo zote ziliishia na 0. Yaani 12 imekuwa 120, 7 imekuwa 70. Nikaandika:

k.setAttribute("nakala", Number(k.getAttribute("nakala")) / 10 + 1);

Safari hii, baada ya kuweka nakala ya faili pembeni, zikatoka 13 na 8. Hata kile kisichokuwepo kilitoka 1, kama inavyotakiwa.

"Vizuri," mkutubi akasema. "Na hiki kilichoandikwa NaN, ndiyo ngapi?"

Ilikuwepo elementi moja ambayo mtu aliiandikia nakala="3, moja imechanika". Mwanzoni parseInt, inayosoma namba iliyo mwanzoni mwa maandishi, ingeweza kuokota ile 3 na kuacha maneno. Lakini kitendo changu cha kutoa kiliyakuta maneno, kikakata tamaa, kikarudisha NaN, kifupi cha "Not a Number", yaani si namba, nayo setAttribute ikaiandika kwa uaminifu wake wote. NaN ukiigawa kwa 10 ni NaN. Ukiiongezea 1 ni NaN vilevile.

Tulienda rafuni tukahesabu kwa mkono. Nne, moja imechanika. Nikaandika nakala="4", na uchakavu nikaupa atributi yake.